Jumapili ya Ibada na Matembezi Unguja: Mkunazini, Minara Miwili, Changuu na Forodhani

Vifurushi vingi vya siku moja wanavyouziwa wageni wa Unguja hubana mambo manne ndani ya siku: kanisa la Mkunazini katika Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, kobe wa kisiwa cha Changuu na chakula cha usiku cha bustani ya Forodhani. Kanisa hupangiwa dakika ishirini, katikati ya asubuhi, wakati makundi mengine yamefika pamoja nanyi. Kwa Mkristo anayetaka kusali na kuona kisiwa, mpangilio huo haufai hata kidogo. Kanisa la Mkunazini lilijengwa ili watu wasali pale pale palipokuwa soko la kuuzia binadamu. Asiyeketi humo wakati wa ibada huondoka na picha za dari tu. Yafuatayo ni maoni yetu juu ya Jumapili inayoanzia kanisani na kuendelea kwa miguu: panapostahili muda wako, panapoharibika mambo, na unachoweza kuacha bila kujuta.

Kufika: ulale Jumamosi

Boti za mwendokasi kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa mbili. Hata ukipanda ya saa 1 asubuhi, unakanyaga bandari ya Malindi, Mji Mkongwe, karibu na saa 3, na bado kuna foleni ya ukaguzi na ya mizigo. Wakati huo ibada inaendelea au imekwisha. Wanaotoka Bara asubuhi ya Jumapili wakidhani watawahi kanisani hukosea hesabu hapo, na ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi. Fika Jumamosi mchana, lala Mkunazini, Malindi au Shangani, na asubuhi utatembea kwenda kanisani bila kutafuta usafiri.

Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti, kwa sababu abiria wa Bara hukaguliwa bandarini. Mgeni kutoka nje ya Tanzania anahitaji pia bima ya kuingia Zanzibar, sharti lililoanza Oktoba 2024. Aikate mtandaoni kabla ya safari, asisubiri hadi afike. Kati ya Juni na Septemba upepo wa kusi huchafua bahari. Anayetapika baharini akae ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako chombo hakirukiruki sana, na ale kitu kikavu kabla ya kupanda badala ya kusafiri na tumbo tupu.

Kurudi nako kuna hesabu yake. Boti ya mwisho ya kwenda Dar huondoka alasiri, kabla jiko hata moja la Forodhani halijawashwa. Kwa hiyo Jumapili kamili inadai usiku wa Jumamosi na usiku wa Jumapili, kisha boti ya Jumatatu asubuhi. Anayelazimika kurudi siku hiyo hiyo achukue ibada, makumbusho ya Mkunazini na chakula cha mchana, basi. Changuu aiache, kukimbizana na boti mbili ndani ya alasiri moja ni kujitafutia kulala bandarini.

Na begi la magurudumu liache nyumbani. Teksi haziingii vichochoroni, na sakafu za vichochoro zina mawe, mifereji na ngazi za ghafla. Begi la mgongoni linatosha. Vivyo hivyo kwa kigari cha mtoto: mbebe mgongoni kwa kanga.

Ibada Mkunazini

Kutoka Malindi fuata Barabara ya Benjamin Mkapa hadi soko la Darajani, kisha ingia upande wa Mkunazini. Ni mwendo wa robo saa hivi. Ukipotea uliza kanisa la Mkunazini; kila mtu analijua, na mwenye duka atakuonyesha bila kudai kitu. Ukiona mnara wa msikiti na mnara wa kanisa vikisimama karibu karibu, umefika.

Hili ni Kanisa Kuu la Anglikana, Dayosisi ya Zanzibar. Waliolijenga walikuwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile inayojulikana kwa herufi UMCA, na mapokeo yao yangali hai: ibada huitwa Misa, Ekaristi ndiyo kiini chake, na uvumba na kengele si jambo geni. Mkatoliki hatajiona mgeni hata kidogo. Mlutheri atazoea kabla ya somo la kwanza kwisha. Mpentekoste ajiandae kwa ibada ya kitabu, yenye utaratibu ulioandikwa na ukimya mwingi kuliko aliouzoea, na asiuchukulie ukimya huo kuwa ubaridi.

Saa za ibada husomwa kwenye ubao wa matangazo. Pita Jumamosi alasiri uzisome mwenyewe au umuulize mlinzi, usitegemee saa ulizozikuta kwenye matangazo ya hoteli, kwa sababu ratiba husogea wakati wa sikukuu, kipaimara au ziara ya askofu. Getini Jumapili asubuhi sema wazi kwamba umekuja kusali. Kiingilio ni cha watembeleaji na makumbusho; anayekuja Misa haombwi tiketi. Ila usitumie Misa kama mlango wa nyuma wa kutembelea bure. Ukishasali, rudi getini ukate tiketi ya maonyesho kama watu wengine. Fedha hiyo husaidia kutunza jengo ambalo hewa ya chumvi inalila kila mwaka.

Mahali pa kuketi pana maana kuliko watu wanavyodhani. Dari ni kuba refu la saruji na matumbawe yaliyopondwa, bila boriti hata moja, na wakati linajengwa wapo waliotabiri kwamba litaporomoka. Linawabeba waimbaji vizuri mno. Lakini mhubiri akisema haraka, maneno yake hugonga dari yakarudi yakagongana na yanayofuata, na aliyeketi nyuma huambulia nusu. Keti theluthi ya mbele. Kati ya Desemba na Machi, joto likiwa kali, tafuta benchi lililo karibu na mlango wa pembeni au feni.

Panga saa moja na nusu hadi mbili, na zaidi kukiwa na ubatizo. Beba noti ndogo, maana sadaka inaweza kuchangishwa zaidi ya mara moja. Wakati wa matangazo wageni huombwa wasimame wajitambulishe: jina, unakotoka, salamu za usharika wako, kisha uketi. Usitoe ushuhuda. Mavazi ni ya heshima ya kawaida ya kanisani, mabega na magoti yafunikwe, na hilo litakufaa siku nzima, kwa sababu ukitoka nje ya geti uko ndani ya mji wa Waislamu na heshima hiyo hiyo inatarajiwa barabarani. Kanga moja mkobani humaliza tatizo.

Kupiga picha wakati wa ibada ni utovu wa adabu, na wahudumu watakuambia hivyo. Subiri baraka ya mwisho, na watu watoke.

Jengo lenyewe, baada ya watu kutoka

Sasa ndiyo saa ya kulitazama. Anzia altareni. Sakafuni mbele ya altare kuna duara la marumaru jeupe lililozungushiwa jekundu. Mapokeo ya kanisa yanasema hapo ndipo palipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Inasimuliwa kwamba aliyestahimili viboko bila kulia aliuzwa kwa bei ya juu. Mkataba kati ya Sultani Barghash na Uingereza ulifunga soko Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule. Haraka hiyo ilikuwa ya makusudi. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, paa likiwa halijakamilika.

Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere, askofu aliyekuwa akijenga kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akiyatafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja na kuyapiga chapa hapa hapa kisiwani. Alifariki 1882 na akazikwa nyuma ya altare. Msomaji yeyote wa Biblia ya Kiswahili ana deni kwa mtu huyu, na wageni wengi hupita kaburi lake bila kujua.

Kulia na kushoto tafuta vitu viwili zaidi. Msalaba wa mbao ulitengenezwa kutokana na mti uliokuwa Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa alipokufa Mei 1873. Mwili wake ulibebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Anayetoka Bagamoyo, akiwa ameona mahali mwili ulipolala kabla ya kupakiwa melini, ataunganisha safari hizo mbili mara moja. Kitu cha pili ni nguzo fupi za upande wa mlango wa magharibi, karibu na kisima cha ubatizo: zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo Steere akiwa hayupo, naye akaziacha. Watu wengi huzitazama bila kuligundua mpaka waambiwe.

Nje, bustanini, kuna sanamu za Clara Sörnäs wa Uswidi, zilizowekwa 1998: watu wamesimama shimoni, shingo zimefungwa mnyororo. Hapa watalii hupanga mstari kupiga picha huku wakitabasamu. Tafadhali usifanye hivyo.

Kisha maonyesho ya biashara ya utumwa, yaliyofunguliwa 2016, wakati mmoja na kukamilika kwa ukarabati mkubwa wa kanisa. Ni makumbusho bora zaidi kisiwani, na tunayasema hayo bila kusita. Maelezo yamepangwa vizuri: njia za misafara kutoka Ujiji na Tabora hadi pwani, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliyohitaji mikono, jinsi Waarabu, Wahindi, Wazungu na Waafrika wenyewe walivyohusika, na maisha ya waliokombolewa. Hayamwonei mtu wala hayamfichi mtu. Yape saa nzima, usome. Jambo moja la kuweka sawa kichwani: kufungwa kwa soko 1873 hakukumaliza utumwa. Biashara ya baharini ilipigwa marufuku, lakini hali ya utumwa yenyewe iliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi amri ya 1897. Mwongozaji asipolitaja, mwulize.

Vyumba vya chini, vilivyo chini ya jengo la Mtakatifu Monika, ndipo tunapokuwa na neno. Ni vya chini sana, giza, kuna benchi za mawe ambazo mtu mzima hawezi kuketi wima. Waongozaji husema kwamba humo watumwa walirundikwa wakisubiri mnada, wanaume chumba kimoja, wanawake na watoto chumba kingine, na hutaja idadi yao kwa uhakika mkubwa. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamehoji kama vyumba vina umri unaodaiwa. Ukubwa wa mateso ya mahali hapa hautegemei vyumba viwili. Ingia, inama, kaa kimya, lakini unapomsimulia mwanao nyumbani tenganisha kinachosimuliwa na kilichothibitishwa. Mwenye shinikizo la damu au hofu ya mahali pembamba abaki juu.

Kuhusu waongozaji: chukua aliyepo ndani ya geti. Wanaokufuata kutoka Darajani wakijitambulisha kuwa watu wa kanisa mara nyingi hawana uhusiano nalo, na ziara yao huishia kwenye duka la vinyago. Mwongozaji mzuri utamjua kwa swali moja: mwombe akuonyeshe soko lilianzia wapi na kuishia wapi. Anayejua kazi yake atakutembeza uwanjani na kukueleza. Asiyejua atakurudisha kwenye vyumba vya chini.

Minara Miwili

Mkatoliki atapenda kusali Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Lilijengwa na wamisionari Wafaransa katika miaka ya 1890, na ukiwa botini ni moja ya majengo ya kwanza kuyaona yakichomoza juu ya mapaa ya mji. Ukishuka chini, linatoweka. Vichochoro vya upande wa Shangani na Baghani ni vyembamba, kuta ni ndefu, na minara haionekani mpaka umefika miguuni pake. Kwa hiyo usifuate macho. Fuata Barabara ya Kenyatta, kisha uliza.

Ndani kuna vioo vya rangi na michoro ya Agano la Kale ukutani. Unyevu umeiuma michoro hiyo vibaya. Siku za kawaida mlango mkuu huwa umefungwa na wageni wengi hugeuka wakidhani kanisa limefungwa. Jumapili ndiyo siku ya kuliona, kwa sababu milango yote huwa wazi. Kwa uzuri wa nje tunalipa nafasi ya kwanza. Kwa uzito, hapana: Mkunazini inabaki juu. Anayeweza kuhudhuria Misa ya mapema sehemu moja na kutembelea ya pili baadaye atapata zote mbili, kwani kati yake ni mwendo mfupi tu.

Chakula cha mchana

Lukmaan iko Mkunazini hapo hapo, penye mbuyu, dakika chache kutoka kanisani. Chakula kiko kaunta: unatazama, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Pilau, biriani, samaki wa kupaka, pweza wa nazi, maharage ya nazi, mchicha, chapati. Faida ya mtindo huu ni kwamba unaona unachokula kabla ya kulipa. Hasara yake ni kwamba saa 7 na nusu mchana kaunta huzingirwa. Nenda saa 6, mara baada ya makumbusho, wakati vyungu bado vimejaa na mvuke unatoka. Agiza samaki wa kupaka kama bado yupo. Nazi yake ni nzito na ukwaju unasikika. Biriani ni nzuri, ila ni chakula cha kulala baada yake, na wewe una alasiri ya kutembea. Bia hakuna, usiulize.

Anayetaka kitu chepesi atafute urojo. Mchuzi mwepesi wa unga wenye manjano na uchachu wa embe bichi au ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, yai, mishikaki, juu yake chipsi za muhogo, chatini ya nazi na pilipili. Bakuli moja linashibisha. Siri ni kula haraka, kabla chipsi hazijalowa. Urojo mzuri unapatikana mitaani alasiri kwa akina mama wanaouza mlangoni, kuliko ule wa Forodhani usiku.

Alasiri: chagua moja

Hapa ndipo Jumapili nyingi huharibika, kwa tamaa ya kufanya yote. Una saa nne tu kabla jua halijazama. Chagua nchi kavu au bahari.

Nchi kavu: anzia Jaws Corner, Sokomuhogo, kwenye baraza la kahawa. Kahawa chungu kwa kikombe kidogo na kipande cha kashata, wazee wakicheza bao au dhumna. Amkia kwanza, agiza, keti mwisho wa baraza, usinyooshe simu kuwapiga watu picha. Kisha shuka Ngome Kongwe. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno 1698, na waliijenga juu ya mahali Wareno walipokuwa na kanisa lao. Kwa hiyo Ukristo wa Unguja una ukurasa wa kwanza ulio mkongwe kuliko Mkunazini kwa zaidi ya miaka mia mbili na nusu, nao umezikwa ndani ya kuta hizi. Ni wachache wanaoelezwa hilo. Kuingia uwanjani ni rahisi na kivuli kipo.

Jirani yake ni Beit al-Ajaib, kasri ya Barghash ya 1883. Sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020 na kuua watu, na tangu hapo jengo limekuwa likishughulikiwa nyuma ya uzio. Litazame kutoka ng'ambo ya barabara. Nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury, Barabara ya Kenyatta, ni ya wapenzi wa muziki wake. Ni ndogo, picha na maandishi zaidi kuliko vitu. Kama humfahamu, ipite.

Bahari: Changuu, kisiwa cha kobe, kipo kilomita tano na kitu kutoka Mji Mkongwe, nusu saa kwa boti ya mbao yenye injini. Gereza lilijengwa miaka ya 1890 kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Zanzibar, lakini halikupata wafungwa. Pakawa mahali pa karantini. Kobe wakubwa wa Aldabra waliletwa kutoka Ushelisheli 1919, wanne tu, na waliopo leo wengine wana umri wa kuzidi karne. Umri umeandikwa gambani kwa rangi. Watoto watafurahi kuwalisha mchicha. Usimkalie kobe, usimgonge gamba, na wachanga usiwabebe.

Kabla ya kupatana bei na nahodha uliza mambo matatu, na usipande mpaka umejibiwa yote. Bei ni ya boti nzima au ya kila mtu? Kiingilio cha kisiwa kimo ndani yake au ni pembeni? Na majaketi ya kuokolea maisha yako wapi, yanatosha watu wote, pamoja na ya watoto? Jibu la tatu litazame kwa macho. Kama majaketi yamefungwa chini ya mizigo, tafuta boti nyingine. Lipa nusu kabla na nusu ukirudi. Aliyelipa yote mara nyingine hujikuta akisubirishwa ufukweni mpaka boti ijae abiria wa kurudi.

Maji ndiyo yanayoamua zaidi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hufika kama mita nne. Maji yakiwa yamekupwa utapanda boti kwa kutembea majini, na ngazi za Changuu zitakuwa na utelezi. Fungu la mchanga la Nakupenda, ambalo manahodha huliuza pamoja na Changuu, hufunikwa kabisa maji yakijaa. Nahodha akikuahidi Nakupenda saa ya maji kujaa, anakuuzia bahari tupu. Uliza hotelini saa ya maji kupwa kwa siku hiyo, kisha panga. Msimu wa kusi upepo huongezeka alasiri, na kurudi kunakuwa kwa mawimbi ya kukulowesha hadi nywele; simu iweke kwenye mfuko wa nailoni.

Uamuzi wetu: mwenye watoto aende Changuu, na asubuhi ya Jumatatu kama ana nafasi, maana bahari ya asubuhi ni tulivu zaidi. Asiye na watoto abaki nchi kavu.

Forodhani

Bustani ilikarabatiwa na shirika la Aga Khan, kazi ikakamilika 2009, na tangu hapo ni safi na ina mwanga. Meza hupangwa alasiri, moto huwashwa jua likizama, kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro kutegemea mwezi. Fika mapema. Saa ya kwanza ndiyo yenye chakula kibichi kinachochomwa mbele yako. Baada ya hapo mishikaki mingi ya kamba, ngisi na pweza iliyopangwa chini ya taa imekwisha kupikwa, na unachopewa kimepashwa moto tu. Pweza aliyepashwa mara mbili ni mpira. Sema: "Nichomee ambaye hajapikwa," na usimame pale mpaka aive.

Bei iulize kabla, kwa kila mshikaki, siyo kwa sahani. Muuzaji huongeza vipande huku mkiongea, na ugomvi wote wa Forodhani huanzia hapo. Lipa taslimu kwa noti ndogo.

Piza ya Zanzibar ndiyo tunayoisifu zaidi. Donge la unga hunyooshwa kwa kiganja hadi kuwa kama karatasi, hujazwa nyama ya kusaga, vitunguu, hoho, yai na jibini, hukunjwa mraba na kukaangwa kwenye bapa la chuma. Angalia mambo mawili: nyama iwe imepikwa kabla, na mpishi asigeuze mapema, vinginevyo yai la ndani hubaki bichi na unga wa kona hauivi. Mwambie akaushe. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu inafaa sana baada yake. Mwenye tumbo jepesi aombe bila barafu.

Jumapili ikiangukia Ramadhani mambo hubadilika. Mchana hakuna kula, kunywa wala kuvuta sigara hadharani, mikahawa mingi ya mtaani hufungwa, na utakula ndani ya hoteli. Kanisa linaendelea kama kawaida. Usiku, baada ya futari, Forodhani hujaa familia na chakula huwa bora kuliko mwezi wowote mwingine, lakini subiri watu wafuturu kwanza ndipo uanze kuagiza.

Mwenye Jumapili ya pili kisiwani asirudie Mkunazini. Aende Mbweni, nje ya mji upande wa uwanja wa ndege, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana la 1882. Shamba la Mbweni lilinunuliwa na UMCA 1871 ili waliokombolewa wapate pa kuishi, na kanisa lilijengwa kwa ajili yao. Ni dogo, usharika wake ni wa jirani wanaojuana, na makaburi yaliyolizunguka, likiwemo la Caroline Thackeray aliyeongoza shule ya wasichana pale kwa miaka mingi, yanasomeka vizuri asubuhi jua likiwa bado chini. Panda daladala namba 505, mwambie kondakta akushushe njia ya Mbweni, na malizia kwa miguu au bodaboda. Ondoka saa moja kabla ya ibada, kwani Jumapili asubuhi daladala husubiri zijae.